Jicho Moja Tu

Shemeji yangu tulimwita Doria kwa sababu alikuwa hakai. Karakana nzima ikinywa chai, yeye alizunguka na kikombe mkononi katikati ya mageti yaliyoegemezwa ukutani, akaenda hadi mlangoni, akarudi, kama askari anayelinda mali ambayo hakuna mwizi anayeitaka. Jina hilo alibandikwa na Msasa, fundi wetu wa kupaka rangi.

"Huyu akifa," Msasa alisema siku moja, "itabidi kaburi tulifunge kwa nondo. La sivyo atatoka kukagua."

Doria alicheka, akaendelea kuzunguka. Mgongo wake ulikuwa mbovu tangu alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka ule ule alipomwoa mdogo wangu, na sisi sote tulijua kwa nini. Fundi wa vyuma huinama, na akiinama miaka mingi mgongo hulalamika. Hata wangu unalalamika. Ila wangu ulilalamika jioni, baada ya kazi, na ukanyamaza nikijinyoosha kitandani. Wake ulilalamika alfajiri, baada ya kulala, na ukanyamaza akishaanza kubeba vyuma. Jambo hilo nililijua kwa miaka kumi na moja, na sikuwahi kulitilia maanani.

Karakana ni yangu. Kuchomelea sikujifunza chuoni; nilijifunza kwa kutazama wengine na kuharibu vya kwangu. Labda ndiyo maana napenda kuandika. Kila jioni, kabla ya kufunga, naandika kwenye daftari nani amefanya nini: nani amekata, nani amechomelea, nani amepaka rangi, nani hakuja na kwa nini. Mteja akirudi mwakani akasema bawaba imeachia, nataka kujua ni mkono wa nani.

Jumatatu hiyo Doria aliingia jicho la kushoto likiwa jekundu. Lilikuwa linatoa machozi, na alilifunika kwa kiganja kila alipopita kwenye jua.

"Umepigwa," nilimwambia.

"Nimepigwa," alikubali.

Kwetu neno hilo halihitaji maelezo. Ukiutazama mwanga wa kuchomelea bila kioo cheusi, hata kwa kupitisha macho tu, saa chache baadaye macho yanajaa kitu kama mchanga na hutaki kuona hata taa ya kibatari. Dawa yake tunaijua: chumba chenye giza, vipande vya kiazi kibichi juu ya kope, siku mbili. Mimi nimewalaza wanaume wengi kwa viazi, na wote wameamka.

"Nani kakumulika?" nikauliza, nikamtazama Msasa.

"Unanitazama nini? Mimi nina brashi. Brashi inatoa cheche?"

Tulikuwa na grili kumi na mbili za madirisha na geti kubwa la shule ya chekechea, vyote vya kukabidhiwa Ijumaa. Hata hivyo nilimwambia aende nyumbani, alale, arudi Jumatano.

"Kulala?" aliuliza, kana kwamba nimemhukumu kifungo.

"Kulala, shemeji. Siyo kuzunguka sebuleni ukiwa na kiazi usoni. Kulala."

Jumanne jioni nilipita kumwona. Mdogo wangu alinifungulia mlango akiwa na uso ambao naufahamu tangu akiwa na miaka minne.

"Karibu, kaka. Kama umeleta viazi, viweke jikoni. Vya kwangu vyote vimeishia machoni kwa mume wangu."

"Anaendeleaje?"

"Muulize. Kama utampata amesimama mahali pamoja."

Dirisha la chumbani walilifunika blanketi, likapigiliwa misumari. Ndani ya giza hilo Doria alikuwa anatembea. Hatua nne hadi ukutani, anageuka, hatua nne hadi kabatini, kitambaa chenye maji kimebanwa jichoni. Godoro lilikuwa limekunjamana kama mtu aliyepigana juu yake.

"Nilikwambia ulale," nikasema.

"Nimelala. Nimelala mpaka nikashindwa kuamka. Leo asubuhi dada yako kanivuta kama gunia." Aligonga kigoda, akakisukuma kwa mguu, akaendelea. "Nikilala jicho linatulia kidogo, mgongo unakuwa ubao. Nikitembea mgongo unaachia, jicho linagonga. Niambie wewe, fundi. Nifanye lipi?"

Nilimsimamisha mlangoni nikalitazama jicho. Wekundu ulikuwa umekaza zaidi kuizunguka mboni, kama pete. Lile la kulia lilikuwa jeupe, safi, linanitazama.

"Kesho litakuwa limetulia," nikasema, kwa sababu ndivyo ninavyosema siku zote.

"Maumivu yako ndani, shemeji. Siyo mchanga. Ni kama mtu kabonyeza kidole kwa nyuma."

"Kesho," nikarudia.

Njiani kurudi kwangu sikutulia. Lilikuwa jicho moja tu. Mwanga ule hauchagui. Unapiga yote mawili. Nikajijibu kwamba labda aligeuza uso upande. Kisha nikajijibu kwamba labda kalala kwa ubavu, moja likapona mapema. Kila jibu nililolipata lilinifanya niongeze mwendo, hadi nikajikuta nimefika nyumbani na jasho, na kabla ya kuvua viatu nikafungua daftari.

Jumapili hatukufanya kazi. Jumamosi: Doria, kupima fremu shuleni. Ijumaa: Doria na Msasa, rangi ya kuzuia kutu. Alhamisi: Doria, kukata nondo. Mara ya mwisho kushika fimbo ya kuchomelea ilikuwa Jumatano, siku tano kabla jicho halijawa jekundu. Anayepigwa na mwanga wa Jumatano analia Jumatano hiyo hiyo. Na siku zilizofuata aliyechomelea ni mimi peke yangu, nyuma ya pazia la turubai.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini mkono ulishazoea kufunua, ukaenda kwenye daftari la mwaka juzi. Sikujua natafuta nini mpaka nilipokiona. Mwezi wa sita: "Doria, jicho la kulia, mwanga. Hayupo." Kesho yake, hayupo. Kesho yake, hayupo. Nikahesabu mistari kwa kidole, nikarudia kuhesabu. Siku kumi na moja. Sijapata kuona mwanga wa kuchomelea ukimlaza mtu siku kumi na moja. Niliandika kwa mkono wangu, mstari mmoja kila jioni, nikafunga daftari kila jioni.

Jumatano asubuhi nilimwachia Msasa funguo.

"Na geti?" aliuliza.

"Lipake rangi sehemu zilizokwisha."

"Hakuna sehemu iliyokwisha, fundi."

"Basi lisubiri."

Mdogo wangu alikuwa amemvalisha Doria kofia pana na kumfunga kitambaa juu ya jicho. Alinisindikiza hadi nje, akanishika mkono wa shati. "Kaka, ukirudi naye bila kuonwa na daktari, nyote wawili mtalala karakanani."

Kliniki ya macho ilikuwa na mabenchi matatu marefu na watu wa kujaza manne. Doria alikaa kwa muda wa kupiga chafya mbili, kisha akainuka. Alitembea kutoka dirisha la kuandikishia hadi kwenye ndoo ya takataka, akarudi, akaenda tena.

"Baba, kaa," mama mmoja mnene alimwambia. "Tumekuja kwa macho, wewe unataka turudi na kizunguzungu."

"Samahani, mama. Mgongo."

"Mgongo ni jengo lile jingine."

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini hakukaa. Nilitamani kumwambia akae. Miaka yote ndicho nilichomwambia.

Nesi alimsomesha herufi za ukutani. Kwa jicho la kulia alisoma hadi mstari wa chini. Kwa la kushoto alisoma herufi kubwa ya juu, akaishia hapo. "Zilizobaki zina ukungu," alisema. Sikujua kwamba hali imefika huko. Hakuwa ameniambia, na mimi sikuwa nimemuuliza.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba. Alimwelekeza Doria aweke kidevu kwenye mashine. Kidevu hakikufika vizuri. Ilibidi nesi apandishe meza, kisha aishushe, kisha asogeze kiti. Daktari alitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikikunja na kukunjua kofia ya Doria.

"Mgongo wako ukoje?" aliuliza.

Nikadhani ameshika faili la mtu mwingine. "Daktari, tumekuja kwa jicho."

"Jicho nimeliona. Sasa nauliza mgongo."

Doria alinitazama mimi kwanza, kama anaomba ruhusa. Kisha akajibu. Ndiyo, unauma. Chini, karibu na makalio, mara upande huu, mara ule. Asubuhi anakakamaa saa nzima, wakati mwingine zaidi. Akitembea unaachia. Akipumzika unarudi. Ulimwanza akiwa kijana.

"Umejuaje?" Doria aliuliza.

"Ulipoingia ulimsalimia nesi kwa kugeuka mwili mzima. Shingo haikugeuka." Akachukua kalamu. "Jicho limewahi kuwa hivi kabla?"

"Hapana," Doria alisema, upesi mno.

Nilielewa. Mbele ya mtu mgeni, hangeweza kusema kwamba shemeji yake alimlaza siku kumi na moja kwa viazi. Alikuwa ananisitiri. Na daktari alishaanza kuandika hilo "hapana," niliona kalamu ikishuka.

"Limewahi," nikasema. "La kulia. Mwaka juzi, mwezi wa sita. Siku kumi na moja."

Kalamu ikasimama. "Alitibiwa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe ni nani?"

"Fundi wa mageti."

Hakucheka wala hakunikaripia. Alilikata kwa mstari lile neno moja, akaandika mengine mengi. Ningefurahi zaidi kama angenikaripia.

Kisha akatueleza, taratibu, akichora nyuma ya karatasi. Ni ugonjwa mmoja, alisema, wa jamii ya baridi yabisi, lakini huu hupenda uti wa mgongo. Ulinzi wa mwili unakosea adui na kushambulia viungo, hasa pale uti unapoungana na nyonga. Baadhi ya wenye ugonjwa huo, na si wachache, hushambuliwa pia ndani ya jicho. Kwa kawaida huwa ni moja kwa wakati, na safari nyingine linaweza kuwa lile la pili.

"Kwa hiyo hakupigwa na mwanga," nikasema.

"Hapana. Ndani ya jicho kumevimba, na majimaji yake yamekuwa mazito kama gundi. Ule utando wenye rangi, unaoizunguka mboni, umegandia kwenye lenzi iliyo nyuma yake. Tazama, mboni yake si duara tena." Alimgeuza Doria kwenye mwanga. Kweli, ilikuwa na kona, kama tundu lililotobolewa kwa patasi butu. "Umegandia sehemu tatu. Nitatia dawa ya kuitanua. Ikiachia, vizuri. Isipoachia, maji ya ndani yatakosa njia, presha ya jicho itapanda, na jicho linaweza kuzimika."

"Tutajua lini?" Doria aliuliza.

"Nipe saa moja. Mngekuja juzi..." Hakumaliza.

Nesi alimtia matone, akatutoa kwenye korido. Doria akaanza: mlango hadi mlango, hatua kumi na nane. Nilikaa. Nikahesabu vigae vya sakafu, nikapoteza hesabu, nikainuka, nikajiunga naye.

"Kaa wewe, shemeji," alisema. "Utachoka."

"Siwezi kukaa."

"Sasa umenielewa."

Tukatembea. Fundi wa kuchomelea anaishi kwa macho mawili. Kwa moja unaona chuma, lakini huoni umbali. Ncha ya fimbo inagusa kabla hujataka, au inaning'inia na kutema cheche hewani. Nilimjua mzee mmoja aliyepoteza jicho, akabaki wa kufagia vumbi la chuma na kuwasimulia wengine mageti aliyoyatengeneza zamani. Doria naye alimjua. Hatukumtaja.

"Kwa nini ulimwambia?" aliniuliza kwenye mzunguko wa tano au wa sita.

"Kwa sababu niliandika."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilisoma jana."

"Umeandika mwaka juzi, umesoma jana." Alisema bila ukali, kama anayenisaidia kupanga tarehe. Tulifika mlangoni, tukageuka. "Hata mimi nilijua sijashika fimbo tangu Jumatano. Jumatatu nilipokuja nilikuwa najua."

Nilisimama. "Na hukusema?"

"Ulisema nimepigwa. Nikafikiri, fundi anajua kuliko mimi, labda kuna mwanga umenipata na sikumbuki. Twende, usisimame, mgongo utakaza." Nikamfuata. "Ningekwambia siyo mwanga, ungeniamini?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikalitafuta hilo ndiyo kwa hatua kumi na nane nzima.

"Nisingekuamini. Ningesema umelala vibaya, umesahau."

"Basi," alisema.

Nesi alitoka akamwongezea matone, akarudi ndani. Mama mnene wa benchini alipita akitoka kwa daktari, akamwona Doria bado anatembea, na mimi kando yake. "Ugonjwa wenyewe unaambukiza?" aliuliza. Kisha akatuona nyuso, akasema pole.

Dakika za mwisho zilikuwa mbaya kuliko zote. Doria alijaribu kufunika jicho zima na kusoma bango la ukutani kwa lile bovu. Nikamwona akisogea karibu na bango, akisogea tena, mpaka pua ikakaribia kugusa. Nikatazama kwingine.

Tulipoitwa, nesi alipandisha meza bila kuambiwa. Daktari alitazama. Aligeuza kitufe, akatazama tena. Nje mtu alikuwa anaburuta kiti, na kile kiti kilikuwa hakifiki kinakokwenda.

"Mbili zimeachia," alisema.

"Na ya tatu?" Tuliuliza pamoja.

"Ya tatu bado, hapa chini. Tutaendelea kuivuta kwa dawa. Inaweza kuachia wiki hii, inaweza isiachie kabisa. Ikibaki peke yake, maji yana pa kupitia. Ukungu utapungua uvimbe ukishuka." Alisukuma mashine kando, akavaa miwani. "Jicho lipo. Lakini msikilize. Hili tabia yake ni kurudi. Likirudi, anakuja siku hiyo hiyo. Siyo kesho yake." Hilo la mwisho alinitazama mimi.

Aliandika dawa mbili: tone moja la kupunguza uvimbe kila saa akiwa macho, na lile la kutanua mboni mara tatu kwa siku, yote yapunguzwe kwa maelekezo yake tu. Akaandika na barua kwa daktari wa viungo. Zipo dawa za mgongo huo, alisema. Miaka iliyopita hairudi, lakini iliyobaki inaweza kulindwa.

"Na kupumzika?" nikauliza. "Nimlaze kiasi gani?"

"Usiku alale kama watu. Mchana atembee, ajinyooshe. Mgongo wa namna hii hautaki kulazwa."

Doria alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Daktari, hilo niandikie, ulipige na mhuri. Nitalibandika karakanani."

Tulinunua dawa jirani na hapo, nesi akamtia tone la kwanza, na tukaamua kurudi kwa miguu. Yeye aliamua, mimi nilifuata. Jua lilikuwa kali, na mboni iliyotanuliwa ilikuwa haijui kujifunga, kwa hiyo alishusha kofia hadi puani na kutembea akitazama viatu vyake. Nilishika chupa mfukoni, nimeikumbatia kwa vidole vyote. Kila nilipoona kivuli nilitazama saa.

Saa ilipotimia tulikuwa mbele ya duka la kinyozi. "Inua kichwa," nikamwambia.

Aliinua. Kichwa kilikwenda inchi moja, kikasimama. Aliegemea nyuma kwa kiuno, akapepesuka. Nikabonyeza chupa, tone likaanguka shavuni.

"Shingo haiendi zaidi ya hapo," alisema.

"Tangu lini?"

"Mwaka sasa. Kule ndani nesi kanitilia nikiwa nimelala kitandani."

Mwaka. Tulikula pamoja kila mchana mwaka huo wote. Nikamwomba kinyozi benchi lake. Doria alijilaza juu yake kwa awamu, goti, kiwiko, bega, akiguna, miguu ikabaki njiani hivyo wapita njia wakaizunguka. Kinyozi alitoka na mashine mkononi kutazama. Nikaishika chupa kwa mikono miwili, mimi ninayepitisha fimbo kwenye kiungo cha chuma kwa mmoja.

"Usifumbe."

"Sifumbi. Wewe lenga."

"Tazama juu."

"Juu ndiko ninakotazama, nakuona wewe. Una nywele puani, fundi. Mwambie kinyozi."

Tone likaingia. Alifumba jicho, nikambonyeza kwenye pembe ya pua kama nesi alivyonionyesha, nikahesabu hadi sitini kwa sauti, na kinyozi akahesabu pamoja nami. Kisha nilimshika mikono yote miwili nikamvuta, akasimama ubao mmoja, akangoja mgongo umwachie.

"Asante, shemeji," alimwambia kinyozi. Kinyozi hakuwa shemeji yake.

Nikafunga kifuniko, nikakikaza, nikakifungua kuhakikisha kwamba kimekaa sawa, nikakikaza tena. Nikatazama saa. Zilibaki dakika hamsini na nane hadi tone lingine, na nilipoinua kichwa yeye alishafika kwenye kona, hanisubiri.